Sauti Kwenye Mikorosho

Nilipokuwa mdogo, kule kwetu Tezo, niliamini mama haogopi kitu. Nyoka alimuua kwa mpini wa jembe, kisha akaendelea kupalilia. Alikuwa na sharti moja tu: jina lako likiitwa shambani saa za jua kali, usiitike mpaka uitwe mara ya tatu. Sikuuliza sababu.

Miaka ya themanini ilipoanza nilikwenda shule ya bweni, nikarudi nikilionea haya sharti lile. Nilimwambia hayo ni mambo ya watu wasiosoma. Aliendelea kumenya muhogo, nami nikadhani nimemshinda.

Desemba moja, nikiwa na miaka kumi na mitano, nilikuwa nikiokota korosho peke yangu adhuhuri. Upepo ulikuwa umekatika, mabibo yaliyooza yakinuka chini ya miti. Nikasikia mama akiniita, karibu sana, kwa jina la utotoni alilolitumia yeye tu. Nikaitika, nikaenda. Hapakuwa na mtu. Kwenye mchanga palikuwa na nyayo zangu tu. Kisha sauti ikacheka, nyuma yangu.

Nilikiacha kikapu nikakimbia. Nyumbani nilikuta mlango umefungwa kwa ndani. Nilibisha, nikabisha tena, na mara ya tatu ndipo mama akafungua, uso umejaa jasho.

"Umeniita shambani," nilimwambia.

"Sijatoka humu. Wewe ndiwe uliyekuwa ukiniita, hapo dirishani. Ukilia."

"Mimi sikuja dirishani, mama."

"Najua. Iliita mara mbili tu. Ndiyo maana sikufungua."

Aliificha mikono yake ndani ya leso. Akanieleza kwamba walipokuwa watoto kijijini Jilore, dada yake aliitika sauti kama ile, akaingia vichakani, wala hakuonekana tena. Mama alikuwa amesimama kando yake. Tangu siku hiyo kila mchana ulimtia hofu, na kila mchana alikwenda kulima.

Niliomba tukiache kikapu hadi kesho. Alikataa, akajifunga leso, akatangulia. Nilimfuata nikiyatazama mabega yake, membamba kuliko nilivyodhani, nikatambua kwamba nimemzidi kimo. Kikapu tulikikuta, korosho zimo zote. Tuliporudi aliniomba, kwa sauti ndogo, nikae naye jikoni mpaka chakula kiive. Nikavuta kigoda, nikaketi karibu yake.