Volti Mia na Themanini

Katika miaka yangu ya kufundisha fizikia Kasulu sikukutana na mpiga gitaa hata mmoja aliyekubali kwamba kuna kitu asichokijua. Daktari atakwambia twende tukapime kwanza. Hakimu ataahirisha kesi. Mpiga gitaa haahirishi. Muulize kwa nini amplifaya hii inalia vizuri kuliko ile, atakuwa na jibu kabla hujafunga mdomo, kesho atakuwa na jibu jingine, na yote mawili atayatetea kwa nguvu ileile.

Nayasema haya nikiwa mmoja wao. Kati ya mwaka 2012 na 2014 nilipiga gitaa la pili katika bendi ndogo ya watumishi wa serikali na wastaafu. Tulipiga Jumapili alasiri kwenye baa moja iliyokuwa kando ya barabara ya kwenda Kibondo. Gitaa la pili halimpi mtu sifa yoyote. Unarudia mambo yaleyale matatu mpaka wimbo uishe. Kwa hiyo nilikuwa na nafasi ya kutosha ya kusikiliza watu wakibishana, na nilikuwa na daftari.

Kilichobishaniwa kilikuwa amplifaya ya kiongozi wetu. Huyu alikuwa mwalimu mkuu mstaafu, Muha wa Munanila, mpiga solo, na sote tulimwita Mzee. Aliinunua ujanani kwa padri wa Kizungu aliyekuwa anafungasha kurudi kwao. Lilikuwa sanduku la mbao lililovikwa ngozi bandia ya kahawia, zito kama gunia la maharage. Ndani yake hapakuwa na transista kama vifaa vya siku hizi. Kulikuwa na valvu nne, yaani chupa za kioo zenye nyaya ndani, ambazo huwaka kama taa na lazima zipate moto kwanza ndipo sauti itoke. Aliyethubutu kuweka chupa ya soda juu ya sanduku hilo alitolewa mazoezini.

Mpiga besi wetu alikuwa karani wa mahakama, kijana wa Tanga aliyehamishiwa huku. Hakuwahi kuona amplifaya nyingine ya valvu maishani mwake, ila mtandao ulipokubali alisoma habari zake kwenye simu, na hilo lilimtosha kuwa bingwa.

"Mzee, hiyo ndiyo sauti yenyewe," alikuwa akisema. "Ina nyama. Hizi za transista ni mifupa mitupu, aisee."

Wa tatu alikuwa Mkongo aliyekuja kutoka kambi ya wakimbizi kwa kibali, fundi wa kweli wa vidole, muongo wa kweli wa mdomo. Kwake amplifaya iliitwa ampli na valvu ziliitwa malampe.

"Ampli ya transista iko inasema tu, papa," alisema. "Hii ya malampe iko inaimba. Iko na roho. Mimi kule Bukavu nilipigia zake tatu."

Hizo tatu zilikuwa za kiangazi. Mvua za vuli zilipoanza zilikuwa zimefika saba.

Nimeyaandika mabishano yao kwa mfuatano. Kwanza sababu ya utamu ilikuwa mbao: karani alisema ni mti wa Ulaya, Mzee akasema ni mninga, ingawa sanduku lilitengenezwa mahali ambapo mninga haujulikani. Halafu ikawa kitambaa cha mbele. Halafu vumbi lililolala juu ya kitambaa, hata ikapigwa marufuku kukifuta. Jumapili moja nzima iliishia kwenye swali la kama sala za padri zilikuwa zimeingia ndani ya sanduku. Karani, ambaye ni Mwislamu, alisema hilo linawezekana kabisa.

Sauti yenyewe, niwatendee haki, ilikuwa nzuri. Ilikuwa nene na laini, na Mzee alipokaza kidole ilikwaruza kidogo mwishoni kama mtu anayecheka huku amefumba mdomo.

Sasa yalitokea mambo mawili katika juma moja, na msomaji ayashike yote mawili, maana wenzangu walilishika moja tu.

La kwanza, amplifaya ilianza kukatakata. Mzee akaipeleka sokoni kwa fundi redio, mtu wa Ujiji, mwenye kibanda kati ya wauza maharage na wauza mitumba. Fundi huyu alitengeneza spika za msikiti na spika za parokia, na hakuna upande uliowahi kumlalamikia. Aliifungua, akasafisha miguu ya valvu, akaunga waya mmoja uliolegea, akafunga. Siku moja tu.

La pili, mwenye baa, aliyekuwa akitumia jenereta kuukuu lililokohoa nyuma ya jiko, alivutiwa umeme wa mji.

Jumapili iliyofuata Mzee alipiga noti ya kwanza na sote tukageuka. Sauti ilikuwa safi, kavu, ngumu. Ile nyama ya karani haikuwapo. Mzee alipiga tena, akatikisa waya, kisha akazunguka nyuma na kuinama kuangalia valvu.

"Hizi si zangu," alisema.

"Vipi, Mzee?"

"Zangu zilikuwa zinawaka wekundu wa kuzimika. Hizi zinang'aa. Angalia! Hizi ni mpya. Ameninyofolea zangu akaniwekea za kwake."

Karani tayari alikuwa kwenye simu. "Mzee, hizi za zamani huko nje wanazigombania. Umepigwa."

"Mwizi iko na mikono laini," Mkongo akaongeza kwa huzuni ya mtu mwenye uzoefu.

Hakuna aliyetazama juu. Juu yetu taa ya baa, ambayo miaka yote ilikuwa ya njano kama yai, siku hiyo ilikuwa nyeupe. Mimi niliitazama. Nilifikiri jambo, nikaandika, nikanyamaza.

Jumatatu saa nne asubuhi, soko limejaa, Mzee alikwenda kibandani na bendi nyuma yake, nami nikiwemo. Hakushusha sauti. Mtu aliyesimamia paredi za shule kwa miaka thelathini hajui kushusha sauti.

"Fundi! Valvu zangu ziko wapi?"

Fundi alikuwa ameshika chuma cha kuchomelea. Alikiweka chini polepole. "Zimo ndani, Mzee. Nilizitoa, nikasafisha miguu, nikazirudisha."

"Umerudisha zako. Zangu umeuza. Wewe ni mwizi."

"Mzee, neno hilo ni zito. Hapa sokoni nakula kwa jina langu."

"Basi umeshiba."

Watu walicheka. Soko hucheka mtu akipigwa kijembe. Lakini kesho yake mama mmoja alikuja kuchukua redio yake kabla haijatengenezwa. Mwenye saluni akachukua spika zake. Katika juma la pili rafu ya fundi, ambayo nilizoea kuiona imejaa hadi juu, ilibaki na redio mbili na pasi. Parokia walituma mtu kusema kwamba watasubiri kwanza mambo yatulie. Kwa fundi redio, kupotea kwa jina ndiko kufunga kibanda. Nani atamwachia mtu anayesemekana huchomoa vya ndani kitu ambacho mwenyewe hajui kina nini ndani?

Wakati huo tulialikwa Kibondo kwenye harusi ya mwalimu mwenzangu. Tulipiga kwenye ukumbi uliotumia jenereta lake. Mzee aliwasha amplifaya kwa uso wa mfiwa, akasubiri valvu zipate moto, zikachelewa, akapiga. Sauti ilirudi. Nene, laini, na kile kicheko cha mdomo uliofumbwa mwishoni.

Mtu angetegemea kwamba hapo watu wazima watatu wangekaa chini na kufikiri. Walikaa kweli, kwenye sahani ya pilau, na mimi nikakaa nao.

"Ni hewa," karani alisema. "Kibondo hewa yake tofauti."

"Hewa gani? Kibondo na Kasulu milima ileile," Mzee akasema. "Huyu fundi amezirudisha. Ameogopa. Amemhonga mlinzi wa stoo ya baa, akaingia, akarudisha zangu."

"Eee, papa," Mkongo akasema. "Roho imemsuta."

Kwa hiyo sauti nzuri ikawa ushahidi wa wizi. Mimi nilikuwa na mita ya shule begini, kwa sababu jenereta la ukumbi kama huo liliwahi kuniunguzia chaja. Niliichomeka ukutani. Umeme ambao kwa kawaida ni volti mia mbili na thelathini hapo ulikuwa mia na themanini. Niliandika namba hiyo, nikapigia mstari, nikarudi kwenye pilau.

Jumapili iliyofuata tulikuwa Kasulu, kwenye umeme wa mji. Sauti ilikuwa kavu tena.

"Amechukua tena!" Mzee alipiga kelele.

Nimefundisha watoto wa kidato cha kwanza wanaoamini kwamba betri ikiwekwa juani inazaa umeme, lakini sijawahi kumsikia mtoto akisema kwamba mwizi ameiba, akarudisha, akasubiri harusi ipite, akaiba tena. Hapo nilipaswa kusema. Sikusema. Niseme ukweli: nilikuwa nafurahia. Daftari lilikuwa linajaa, na kila walichosema kilikuwa bora kuliko cha jana. Nilinyamaza Jumapili mbili zaidi.

Kilichonitoa kwenye raha hiyo ni kupita sokoni na kumkuta fundi anafungasha koili na skrubu kwenye sanduku.

"Unahama?"

"Narudi Ujiji, mwalimu. Huku sina kazi tena."

Nilimwambia palepale: jenereta kuukuu lilitoa umeme mdogo, valvu zikafanya kazi kwa shida, na shida hiyo ndiyo utamu wote. Umeme wa mji umezipa nguvu yake kamili. Valvu ni zilezile.

"Hayo umeyajua lini?"

"Tangu Kibondo."

Hesabu ya majuma aliifanya mwenyewe, akageuka kuendelea kufungasha. Sijasahau mgongo wake.

Mazoezini niliwaeleza wenzangu na namba zikiwa mkononi. Karani alisema sauti haipimwi kwa mita. Mkongo alisema volti ni mambo ya majokofu. Mzee alisema walimu wa sayansi hawajawahi kuwa na sikio. Basi Jumapili fundi akaja mwenyewe, bila kualikwa, amebeba transfoma yenye swichi ya kuzungusha, ya aina ile watu walitumia zamani kuokoa friji umeme ukishuka. Alikuwa amegeuza nyaya ili ipunguze umeme badala ya kuongeza. Hakumsalimu mtu. Akaiweka kati ya ukuta na amplifaya.

"Piga, Mzee."

Mzee akapiga. Kavu. Fundi akazungusha swichi mara moja. Piga. Mara ya pili. Valvu zikafifia kidogo kwa nyuma. Mara ya tatu Mzee alikuwa anapiga bila kuambiwa, macho amefumba, na sauti ile ikajaa baa nzima.

"Hapo!" karani akaropoka. "Hapo hapo, usiguse!"

Fundi akagusa. Akaizima, akachomoa waya, akaukunja.

"Sasa unaipeleka wapi, fundi?" Mzee akauliza. "Niachie. Niuzie."

"Siuzi hapa. Njoo uichukue kibandani. Jumatatu, saa nne, ulivyokuja siku ile."

Mwaka mzima nilikuwa nimesikia Mzee akisema hawezi kuishi bila ile sauti, na nilidhani ni maneno ya wapiga gitaa. Jumatatu nilikwenda sokoni mapema. Mzee alifika na koti lake la sherehe. Karani na Mkongo walisimama kwa wauza mitumba wakijifanya wanachagua suruali.

"Mwakeye, fundi," Mzee akamwamkia kwa Kiha.

"Mwakeye, Mzee."

"Nimefuata kile kitu."

"Ipo. Kwanza sema."

Mzee aliangalia kulia na kushoto, akainama hadi karibu na meza, akanong'ona. Sikusikia alichosema, na nilikuwa hatua tatu tu.

"Sijakusikia," fundi akasema.

"Nimesema valvu zilikuwa zangu."

"Mzee, wewe una amplifaya. Sema watu wasikie."

Muuza maharage aliacha kupima. Mzee akasimama wima, akavuta pumzi, na mwalimu mkuu wa miaka thelathini akatoka ndani yake, bila kutaka.

"Fundi huyu hakuniibia! Valvu zilikuwa zilezile! Nilikosea mimi!"

Hakuna aliyecheka. Fundi aliinua transfoma kwa mikono miwili, akampa, akakataa pesa alizopewa. "Chukua. Ila ikiharibika usiilete kwangu." Kisha akaanza kutoa koili na skrubu kwenye sanduku, moja moja, na kuzipanga kwenye rafu.

Mzee aliniona. "Mwalimu, nisaidie kubeba, ni nzito."

Nilishika upande mmoja. Fundi hakuinua kichwa kuniangalia, siku hiyo wala miezi yote niliyobaki Kasulu. Redio yangu ilipoharibika niliipeleka Kibondo.