Ubao Mmoja wa Bi Brashi

Saa kumi na mbili asubuhi, mkokoteni umeshatoka uchochoroni na umeanza kupanda barabara ya lami. Juu yake kuna ubao mmoja wa plaiwudi, umefunikwa shuka kama mgonjwa. Mwenye ubao, mama wa makamo ambaye mtaa mzima unamwita Bi Brashi, anatembea pembeni, mkono juu ya shuka. Anayesukuma ni shemeji yake, mdogo wa marehemu mumewe.

"Shemeji, hebu niambie," anasema akihema. "Hii tuzo wanatoa hela, au wanakupa ubao wa pili?"

"Sukuma wewe. Mdomo hausukumi."

Wanaelekea kwenye ukumbi wa tuzo kubwa ya vitabu vya watoto. Kitabu alichokichora Bi Brashi, cha kuku mzee na fundi viatu, kimeingia katika vitano vya mwisho. Kikishinda, kitachapwa upya na kugawiwa shuleni. Kikikosa, mchapishaji ameshasema ndiyo basi. Na majaji wanataka kuziona picha zote kumi na mbili kama zilivyochorwa kwa mkono.

Hapo ndipo penye balaa. Zote kumi na mbili zimo kwenye ubao huo mmoja.

Bi Brashi hakusomea uchoraji. Alianza na vibao vya saluni na bucha, na kwenye kazi hiyo ubao wa zamani hautupwi. Unapakwa nyeupe, unachorwa upya. Kitabu nacho alikifanya vivyo hivyo. Akimaliza ukurasa, anaupeleka ubao kwa mpiga picha. Picha ikishatoka, anapaka nyeupe, anaanza ukurasa mwingine.

"Mimi niliona kitabu ndiyo kazi," anasema. "Ubao ni kama sufuria. Ukishapakua, unaosha."

Fundi viatu wa ukurasa wa tatu ni mumewe. Alimchora akiwa ameketi kitandani, figo zimemchosha, ameshikishwa kiatu. "Alikuwa anasinzia. Namwambia, baba, shika kiatu vizuri, wewe ni fundi. Anacheka."

Wiki iliyofuata alimpaka nyeupe. Mwezi haukuisha, akamzika.

Majaji walipopiga simu, shemeji alimshauri achore upya kwa kuangalia kitabu. Nani angejua? Alijaribu ukurasa wa tatu kwenye kipande cha boksi, kisha akakichana.

"Kiatu kilitoka. Mtu hakutoka."

Ukumbini, wenzake wana kuta nzima za fremu. Ubao wake unaegemezwa peke yake. Mwenyekiti wa majaji, mama mwenye miwani ya kamba, anagusa ukingo ambako rangi imejengeka nene kama gome.

"Mama, nyingine ziko wapi?"

"Ziko humo."

"Humo wapi?"

"Chini yake."

Jaji mmoja anauliza kama haziwezi kukwanguliwa, tabaka moja moja. Bi Brashi anaweka kiganja juu ya ubao.

"Mkikwangua za juu, mtamfikia fundi viatu wangu akiwa mzima?"

"Sidhani, mama."

"Basi mwacheni."

Mwenyekiti anavua miwani. "Kazi yako nimeipenda, sikufichi. Lakini kanuni inasema picha zote."

Shemeji anaokota shuka bila mzaha wowote.

Tuzo ilikwenda kwa kitabu cha samaki. Kile cha kuku hakikuchapwa tena. Nakala zilizobaki zimo stoo kwa mchapishaji. Mwalimu aliyeitunga hadithi yake siku hizi anaandika vitabu vya hesabu. Shemeji aliuza mkokoteni, sasa ni mlinzi wa geti kiwandani.

Bi Brashi amerudi kwenye vibao. Anasema akipata kitabu kingine, kila ukurasa utakuwa na ubao wake. Bado hajapata.

Ubao ule umetundikwa nje ya bucha. Mteja alikuwa na haraka, na Bi Brashi hakuwa na ubao mwingine. Una picha ya paja la ng'ombe. Amepatana na mwenye bucha kwamba siku akifunga duka, asiutupe.