Nilisema Mama Ni Mgonjwa Ili Nisiende Kucheza Gemu na Rafiki Yangu

Admin, naomba unifichie jina, maana mke wa huyu rafiki yangu yuko kwa hii page na anasoma kila kitu. Mimi ni mwanaume wa miaka 43, fundi wa mbao hapa Uriri. Nina mke na watoto watatu. Nimechoka, na kile kimenichosha ni aibu kukisema.

Rafiki yangu nitamwita Odhis. Tulisoma pamoja Homa Bay. Zamani hizo kulikuwa na mfanyabiashara mmoja kutoka Mombasa aliyeweka mashine mbili za gemu nyuma ya duka lake, zile ndefu za kusimama, unatumbukiza shilingi halafu unashika stiki. Tulikuwa tunacheza ile ya vindege vya kivita mpaka mzee anatufukuza akaswali. Alipofunga duka na kurudi kwao, mashine zilibebwa kwa lori, nasi tukasimama barabarani tukiziangalia zikienda. Odhis akaniambia, "Omera," yaani ndugu yangu, "siku moja tutatengeneza yetu."

Na tulitengeneza, tukiwa watu wazima wenye ndevu. Yeye ni fundi wa redio na TV, mimi nina randa na msumeno. Nilikata plaiwudi nikaunda kabati, yeye akaweka TV ya zamani, ile yenye mgongo, na kompyuta kuukuu ndani. Ilituchukua karibu miaka miwili. Siku ilipowaka tuliruka kama watoto, wake zetu wakacheka mpaka wakaketi chini.

Halafu Odhis akapatwa na kiharusi. Upande wa kulia wote ukalala, na maneno yakawa yanatoka mazito. Alipotoka hospitalini hakutaka kuona mtu. Nikabeba ile mashine mpaka sebuleni kwake, nikaipunguza miguu ili acheze akiwa ameketi, nikahamisha stiki iwe upande wa mkono mzima. Vitufe vya kupiga risasi niliviweka kulia, vikubwa, ndiyo ajaribu ule mkono mwingine. Dada wa hospitali aliyekuwa anakuja kumfanyisha mazoezi alifurahi sana. Siku kidole chake kilibonyeza mara ya kwanza, ndege moja tu ikalipuka, mimi na yeye tulilia. Nilimwambia nitakuja kila Jumamosi. Hakuna mtu aliniomba. Ni mimi nilijisemea.

Hiyo ni miaka mitatu sasa. Kila Jumamosi Uriri, Rongo, Homa Bay, halafu nirudi. Tunacheza ile hatua ya kwanza, ile ile. Akishindwa anakasirika, anapiga kioo. Akitulia ananisimulia hadithi aliyonisimulia wiki jana. Nyumbani mke wangu aliniuliza, "Baba Akinyi, binti yako alicheza fainali ya netiboli leo. Unajua walishinda ama walishindwa?" Sikujua. Na niwaambie ukweli, hata ile gemu siipendi tena. Nikisikia ule muziki wake wa kuanza, natamani kuchomoa waya.

Basi wiki moja nikampigia nikamwambia, "Odhis, Mama ameshikwa na malaria, sitafika." Akasema pole. Jumamosi hiyo nililala mchana, nikala na watoto wangu. Wiki iliyofuata nikasema bado yuko chini.

Jumamosi ya tatu niko kwa karakana nikipiga mlango randa, boda ikasimama. Nikaona fimbo ikitangulia, halafu mguu. Ni Odhis. Amevaa koti la kanisani, na mkono mzima umeshika mfuko wa sukari na mkate. Tangu augue hakuwahi kutoka nje ya Homa Bay.

Akasema, "Nimekuja kuona Mama."

Nikaweka randa chini. Mama alikuwa pale uani anapukuchua mahindi, anaimba. Alimkumbatia Odhis, akapewa pole ya ugonjwa, akashangaa: "Mgonjwa? Nani amesema niko mgonjwa? Hata mafua sina!"

Nilitamani ardhi inimeze. Odhis hakuniangalia. Alisema polepole, vile anaongea siku hizi, "Nilisikia vibaya, Mama. Hii sikio yangu imeharibika tangu niugue."

Alikunywa chai, akamsifu Mama kwa mahindi, akaomba kuondoka. Nilimsindikiza mpaka kwa boda nikaanza kueleza. Akanikata: "Omera, ungesema tu umechoka. Hata mimi nimejichoka." Akainuliwa na mwenye boda, akaenda.

Sasa ni wiki ya tano. Simu zangu hashiki. Juzi mke wake alinipigia analia. Anasema Odhis ameifunika mashine na leso ya kujifunga, mazoezi ya mkono ameacha, na vidole vimeanza kujikunja tena. Amesema nikachukue mbao zangu kabla mwezi uishe, anataka kuweka kiti pale. "Shemeji, kuja," akaniambia. "Anasema hakutaki, lakini kila Jumamosi anavaa shati anakaa akiangalia mlango."

Kinachonisumbua ni hiki. Aliposema kwamba Odhis hanitaki, kuna kitu ndani yangu kilipumua. Nilijisikia mwepesi kabisa, mtu aliyetua gunia. Halafu nikakumbuka vile alinifichia uongo wangu mbele ya mama yangu, nikashindwa kumaliza chakula.

Nikirudi, narudia kila Jumamosi mpaka lini? Nikiahidi mara moja kwa mwezi, si nitakuwa namdanganya tena? Na nikikaa kimya, ule mkono ukikauka, nitaishi vipi na hilo?

Nyinyi mliowahi kuuguza mtu mnayempenda mpaka mkachoka naye, nisemesheni bila kunitukana. Jumamosi ni kesho kutwa. Niende na pikapu nikachukue mashine kama alivyosema, ama niende mikono mitupu nikakae naye?