Turbo Tuliyoifungua Mbau

Mjomba wangu alikuwa na pikapu ya dizeli ambayo kwa muda mrefu haikuwahi kuwa mahali pamoja. Sisemi kwamba ilisafiri sana. Magurudumu yalikuwa kwa shangazi, betri kanisani katika kabati la kwaya, pampu ya mafuta ndani ya pipa la maharage, na kiti cha dereva kilikuwa sebuleni kwetu, ambapo tulimkaribisha mchungaji. Butembo nzima iliishi hivyo. Wakombozi wetu walikuwa na bidii ya ajabu ya kutukomboa kutoka kwenye magari yetu, kwa hiyo mwenye akili alilifungua lake mapema, akaligawa kwa ndugu na jamaa, kisha akawaonyesha wakombozi bodi tupu juu ya mawe na kuwapa pole.

Ukiniuliza huo ulikuwa uasi upi, siwezi kukusaidia sana. Baba yangu alikuwa kijana wakati wa uhuru, na alidai kwamba tangu hapo kila aliyekuja alikuja kumwokoa na yule aliyetangulia. Alikuwa ameokolewa mpaka akabaki na baiskeli.

Katika kipindi hicho cha raha rafiki yangu akaamua kuoa. Mchumba alikuwa Beni, binti wa familia ya Kiislamu ya wasafirishaji, sawa na familia ya rafiki yangu. Walipendana, dini ilikuwa moja, wazazi walijuana. Baba wa binti aliweka sharti moja tu.

“Mutu anaomba binti yangu anafika na motokari,” alisema. “Sitaki mukwe wa kushuka juu ya mifuko mu lori ya batu.”

Maneno makubwa kutoka kwa mtu aliyekuwa akitembea kwa miguu. Lori lake lilichukuliwa na wanajeshi kwa safari moja tu, walisema, pamoja na dereva wake, na dereva alikuwa mtoto wake wa kwanza. Watu walidai waliliona likielekea kusini, upande wa Goma. Mzee alilitafuta upande huo hadi Lubero na mbele zaidi, akarudi bila lori na bila mtoto. Kwa hiyo mposaji wetu hakuthubutu kubishana naye kuhusu magari. Isitoshe, kulikuwa na mfanyabiashara mmoja aliyeanza kupita kwao na gari zima, lenye milango yote, na wakati ule mwenye gari zima alikuwa na marafiki wenye bunduki.

Tukaamua kuikusanya pikapu ya mjomba. Tulikuwa watatu: mposaji, mimi, na rafiki yetu fundi, aliyekuwa na mashine ya kuchomelea na imani kubwa kuliko umeme wa mji. Shangazi alitoa magurudumu bila shida, isipokuwa moja alilokuwa amelikopesha Lubero, ambako lilikuwa chini ya rundo la viazi na mwenye nyumba hakutaka kuligusa mpaka viazi viuzwe. Kwaya ndiyo ilitutesa. Betri yetu ilikuwa imepandishwa cheo, ilikuwa ikiendesha kipaza sauti, na mwalimu wa kwaya alituuliza kwa upole kama tunapigana na kwaya au na Mungu.

Hatimaye injini ikawaka. Ilikuwa na nguvu za mgonjwa aliyetoka hospitali jana. Haikuweza hata kupanda kutoka karakana hadi barabarani, jambo ambalo kwa gari la Butembo ni aibu, kwa sababu hapa kila mahali ni mlima.

“Inaomba turbo,” alisema fundi, kama daktari, yaani ile feni ya chuma inayoisukumia injini hewa.

Mposaji akakumbuka kwamba alipokwenda kununua mawese Mbau, kaskazini ya Beni, aliona kiunzi cha lori kimelala kwenye majani kando ya barabara. Tukaenda. Hakikuwa na milango, viti, vioo, hata rangi. Watu walikuwa wamekichuna kama mbuzi wa sikukuu. Lakini turbo ilikuwa bado imeng'ang'ania injini, labda kwa sababu hakuna aliyejua ni ya kupikia nini. Hatukuuliza lori lilikuwa la nani. Wakati ule kuuliza mambo kama hayo kulikuwa tabia mbaya. Tuliifungua, tukaivingirisha kwenye kitenge, na kwenye kizuizi mwanajeshi mmoja akaigonga kwa kidole.

“Nini hii?”

“Ni sufuria ya mariage, chef.”

Alisema kwa harusi ni sufuria nzuri.

Kuifunga kwenye pikapu ilikuwa kama kumvalisha mtoto koti la babu yake. Fundi alitengeneza mrija wa mafuta kutoka bomba la breki, akachomelea, akakata, akachomelea tena palipokatwa kimakosa. Boneti haikufungika, basi tukaitoboa shimo, na turbo ikachungulia nje. Mwanzoni haikufanya lolote. Ulikanyaga mafuta ukasubiri, ukakata tamaa, na hapo ndipo ilipoamka na kupiga filimbi. Bawa moja ndani lilikuwa limepinda, hivyo filimbi ilianza ndefu, ikakwama kidogo kama mtu mwenye kigugumizi, kisha ikaendelea. Fundi alitaka kulinyoosha. Mimi na mposaji tulikataa kabisa. Tulisema gari lolote lina honi, lakini hili lina sauti yake.

Siku ya posa tulivaa makoti. Mimi Mprotestanti nilipewa kazi ya kuwa mshenga msaidizi, yaani kunyamaza. Ndipo njiani tulipogundua kitu ambacho watu wazima watatu, wenyeji wa hapa, walikuwa hawajakifikiria: kutoka Butembo kwenda Beni sehemu kubwa ni kushuka. Miezi yote tulikuwa tukitafuta nguvu za kupanda, na pikapu ingeweza karibu kufika kwa uzito wake. Kwenye vizuizi wanajeshi waliliangalia lile gari, lenye mlango mmoja na tundu kwenye boneti, wakacheka, wakaturuhusu. Sijawahi kufurahia dharau kiasi kile.

Tulipokaribia mtaa wa wakwe, mposaji alitaka kusikika. Akakanyaga mafuta. Tukasubiri, kama kawaida. Filimbi ikatoka, ikakwama, ikaendelea, na kuku wakakimbia.

Mzee alikuja kutulaki barabarani. Alikuwa akikimbia, pekupeku, kichwa wazi, ameikunja kanzu mkononi. Nilimgusa mposaji begani nikamwambia kwamba hakuna mkwe aliyewahi kupendwa namna hii.

Mzee alifika dirishani, akamwangalia dereva usoni. Kisha akaacha kukimbia, ingawa alikuwa ameshasimama. Sijui nieleze vipi. Kitu fulani ndani yake ndicho kilichoacha.

“Hii sauti,” alisema. “Mulitosha wapi hii sauti?”

“Mbau, baba,” alijibu mposaji. “Ku camion moja ilikuwa inalala mu majani.”

“Mbau.” Alilirudia jina hilo taratibu. “Na mimi nilikuwa namutafuta upande ya Goma.”

Hapo tukaelewa, wote watatu kwa pamoja, lile lori lilikuwa la nani, na makoti yetu yakawa ya kijinga sana. Mposaji alianza kuomba msamaha. Nilijua anachokiona mbele yake: binti anapanda gari lenye milango yote. Mzee alimkatiza kwa mkono.

“Mutoshe hii kitu mbele mama yake atoke ku soko. Donc, mbiyo.”

Tuliliingiza gari uani, tukaanza kuifungua turbo ili mama asiikute, bado ni ya moto, tukaungua vidole, na hakuna aliyelalamika. Mzee alikuwa akitupatia spana mwenyewe. Alikuwa anajua kila boliti ilipo.

Tulichelewa. Mama alikuwa ameshaisikia sokoni. Aliingia uani akitweta, ameacha bidhaa zake huko, na kiatu kimoja mkononi.

“Amefika?” aliuliza.

Mzee alisimama mbele ya turbo ili asiione.

“Ni mukwe wetu amefika,” alisema. “Na motokari yake.”

Mama alitusalimia vizuri, mmoja mmoja, akatuuliza habari za wazazi. Kisha akaizunguka pikapu, akaangalia ndani, akaangalia nyuma, akaenda kuteleka maji ya chai.