Waltzi ya Nelda Tidwell

Nelda Tidwell aliolewa na Orval mwaka uleule Orval aliponunua gitaa la chuma, na mpaka leo hana hakika ni lipi kati ya mambo hayo mawili lililokuwa harusi.

Gitaa lenyewe si la kukumbatia kifuani. Linalala juu ya miguu yake minne kama meza ya kupigia pasi. Mpigaji anakaa nyuma yake, mkono mmoja ukitelezesha kipande cha chuma juu ya nyuzi, na chini mguu wake unakanyaga pedali zinazovuta nyuzi hizo zikiwa bado zinalia. Kinachotoka ni sauti ya mtu aliyeanza kusema jambo, akajizuia, kisha likamtoka hivyohivyo. Nimewaona wafuga ng'ombe wa kaunti yetu, wanaume waliozika mama zao kwa macho makavu kama mbao, wakiinamisha kofia na kutazama sakafu Orval alipofika pale mahali pa kuliza watu katika wimbo. Mimi nilikuwa mpiga besi wa bendi aliyopigia Orval. Hakuna aliyewahi kutazama sakafu kwa ajili ya besi.

Sasa, waltzi, ile dansi ya polepole ya wawili wawili, bila gitaa la chuma ni watu wazima wanaozungukazunguka tu ukumbini bila sababu. Kwa hiyo kila Jumamosi pale ukumbi wa Cedar Bend, kila waltzi ilimkuta Orval jukwaani akiwaliza watu, na Nelda kwenye benchi la ukutani akishika mikoba ya wanawake waliokuwa wakicheza na waume zao. Hakuwahi kucheza waltzi hata moja na mumewe.

Ilipofika miaka ishirini na tano ya ndoa, ukumbi ukakubali sherehe iwe siku ya dansi, na Nelda akaeleza zawadi anayoitaka. Walikuwa wanapakia vyombo nyuma ya pikapu.

"Nataka waltzi moja, Orval."

"Nitakupigia hata tatu."

"Sikusema kupigiwa. Nimesema kucheza. Mimi na wewe, kwa miguu."

"Miguu yangu ina kazi, mke wangu."

"Apige Alvin. Si amealikwa?"

Alvin Zapalac alikuwa mpigaji wa bendi ya kaunti jirani, mtu mnene mwenye adabu.

"Alvin anakanyaga kinyume," Orval alisema, kama mtu anayetaja maradhi ya ukoo. "Pedali yake ya kwanza ni ya tatu kwangu. Akikalia gitaa langu, pale pa kuliza watu utatoka mlio wa mlango wa banda."

"Yaani mimi nakosa kucheza kwa sababu ya mpangilio wa pedali?"

"Sasa umenielewa."

Nelda akafunga mlango wa pikapu kwa nguvu kiasi kwamba kofia ya Orval ilidondoka.

Jambo moja Orval alilisahau, kwa kuwa alilizoea: aliyekuwa akifunga vipande vya gitaa lile kabla ya dansi miaka yote ni Nelda. Yeye Orval alikuwa akitoka moja kwa moja kazini, duka la chakula cha mifugo, makapi yakiwa bado shingoni, na kukuta kiti tayari. Miguu, pedali, na vile vijiti vya chuma vinavyounganisha pedali na tumbo la gitaa, vyote vilipita mikononi mwa mkewe.

Siku ya sherehe, wakati wa mapumziko, watu wakiwa kwenye nyama ya kuchoma na maharage, nilirudi jukwaani kuchukua sigara nikamkuta Nelda chini ya gitaa, amelala chali na gauni lake jipya.

"Shemeji, hujaniona."

"Sijakuona, shemeji."

"Basi usisimame hapo kama nguzo. Nipe koleo."

Aling'oa kijiti cha pedali ya kwanza na cha tatu, akavibadilisha, akakaza skrubu, akajipangusa vumbi, akaenda kukata keki.

Baadaye Dub, mwimbaji wetu, akatangaza mbele ya kaunti nzima kwamba wenye sherehe watafungua waltzi na Alvin atapiga. Kukataa kukawa hakuwezekani. Orval akashuka na uso wa mtu anayepelekwa kung'olewa jino, akisubiri ule mlio wa mlango wa banda.

Haukutoka. Alvin aliliza lile gitaa vizuri kabisa.

"Amewezaje?" Orval akauliza, akimchungulia Alvin juu ya bega la mkewe.

"Nitazame mimi."

"Nakutazama. Amewezaje?"

"Unanikanyaga, Orval!"

"Samahani. Hapo ni pedali ya pili."

Wimbo ukaisha. "Umecheza na Alvin," Nelda akamwambia, akarudi kwenye benchi lake na mikoba yake. Macho yake yalikuwa mekundu, na si kwa muziki.

Orval alikimbilia kiti chake, akaanza waltzi iliyofuata, akakanyaga. Kikatoka kitu ambacho mbwa nje walikijibu. Akakanyaga tena. Akainama, akachungulia chini, akainuka taratibu.

"Nelda! Njoo ufunge hili gitaa upya!"

"Nina gauni jipya."

"Mimi naona gitaa liko sawa tu," alisema Alvin, sahani mkononi.

"Jamani, watu wamesimama," Dub akalalamika. "Alvin, kaa!"

Orval akamfuata mkewe, akamvuta katikati ya ukumbi, akaanza kumgombeza huku wanazunguka. Gitaa la mtu haliguswi! Mbele ya watu! Na Alvin! Alimgombeza mzunguko mzima, na kwa kuwa alikuwa anamgombeza, alikuwa anamtazama usoni. Kisha Alvin akafika pale mahali pa kuliza. Orval akanyamaza katikati ya neno, akatazama sakafu.

"Ndivyo inavyosikika huku chini?" aliuliza.

"Ndivyo."

Wakazunguka.

"Amechelewa kuachia pedali."

"Nyamaza, Orval."

Akanyamaza.