Mama Mkwe Ameshika Hewa ya Nyumba Yangu

Jamani, AC yangu mpya inaendeshwa na mama mkwe. Yuko Mombasa.

Mimi niko Sparkbrook, huku ughaibuni, natokwa jasho.

Ile ya zamani tuliikuta kwenye nyumba. Ilinguruma kama trekta na kutema vumbi badala ya baridi. Leo asubuhi fundi, Bwana Singh mzaliwa wa Kisumu, ameing'oa na kufunga mpya, ya kuongozwa kwa app ya simu.

Mume wangu Abdi, kwa kuringa, akarusha link ya hiyo app kwenye group la familia. Eti waone maendeleo.

Wakaona.

Nikaweka digrii ishirini, ikapanda thelathini na kuanza kupuliza moto. Nikashusha, ikapanda tena. Nikampigia fundi arudi, nikamfokea kabla hajavua viatu.

Akaangalia simu yangu, akacheka. "Dada, mtambo ni mzima. Kuna mtu anaitwa Mama Abdi anaupandisha."

Nikapiga Mombasa.

"Shikamoo mama. Huku tunaungua."

"Marahaba mwanangu. Hiyo ishirini ni nyumba au friji? Abdi ana kifua."

"Mama, Abdi ana miaka arobaini!"

"Na kifua ni kile kile."

Nikamgeukia Abdi amtoe kwenye hiyo app. Mume wangu, kichwa cha nyumba, shati limelowa chapachapa, akainamia simu kwa adabu zote:

"Asante mama. Kifua kinaendelea vizuri."

Fundi akakumbuka ghafla ana kazi Edgbaston.

Wenye wakwe, nishaurini. Na fanyeni haraka, imepanda tena.