Ukoka wa Nyuma ya Jenereta

Nilipewa miezi mitatu. Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini, nami nilikuwa kibarua wa bustani katika hoteli moja ya Diani. Nilionyeshwa kipande cha ardhi nyuma ya chumba cha jenereta, nikaambiwa kikishika nyasi nitaandikwa kazi ya kudumu, kisiposhika nirudi kwetu Msambweni. Hapo palikuwa pamevunjiwa betri kuukuu kwa miaka mingi. Udongo ulijaa risasi, yale madini mazito ya ndani ya betri, na kila ukoka uliopandwa uligeuka manjano ukafa.

Msimamizi wetu, bwana mmoja wa kutoka bara, aliabudu usafi. Sheria yake ilikuwa miche yote isuguliwe mizizi kwenye ndoo kabla ya kupandwa, tusije tukaingiza mchwa hotelini. Nikasugua, nikapanda, ukafa. Nikasugua kwa bidii zaidi, ukafa upesi zaidi. Mwezi wa pili ulipokwisha nilijifungia chooni nikalia, sifichi.

Jumapili moja nilipeleka sufuria Ukunda ikazibwe. Kwenye uwanja wa fundi wa kuchomelea nikakuta ukoka umetambaa juu ya vipande vya betri na vumbi la vyuma, kijani kibichi, hauna habari! Nikaomba jembe.

"Chukua wote, dada, unatusumbua tu," fundi akasema.

Niliung'oa na mabonge ya udongo yaliyong'ang'ania mizizi, nikajaza magunia mawili. Kwetu hata mche wa mpapai huhamishwa na udongo wake. Sijui ni nini kilichonisahaulisha.

Asubuhi msimamizi alinisubiri kando ya ndoo. "Osha hiyo mizizi kwanza, mama."

"Sioshi, bwana. Ukifa nitaondoka mwenyewe, hutapata taabu ya kunifukuza."

Alinitazama kama aliyepigwa kofi, akaenda zake. Juma la kwanza ukoka ulinyong'onyea, nami nikafunga nguo zangu kabisa. Juma la tatu ulitupa machipukizi yakitambaa kila upande.

Bwana shamba wa Kwale alipopita kukagua minazi, nilimvuta akaone. Akachimbua mzizi, akautazama kwa kioo cha kukuzia. Alieleza kwamba kuna kuvu wanaoishi mizizini, nyuzi zao ni nyembamba mno kwa macho yetu. Wanauletea ukoka maji na chakula, wanazuia risasi nyingi isipande majanini, nao ukoka unawalisha sukari. Wale waliozoea risasi walikuja na udongo wa fundi. Kwa ndoo yetu tungaliwamwaga.

Msimamizi alisikia kila neno, nami nilihakikisha anasikia.

Siku ya mwisho ya mwezi wa tatu alikuja mwenyewe na karatasi ya kazi. Nilikuwa nimepiga magoti nikipalilia. Akachutama, akaninyooshea kalamu kwa upole ambao sikuwahi kuuona kwake. "Tia sahihi hapa, mama."

Nikamwambia angoje kidogo. Kwanza nilisimama.